Kula Yangu

Binti yangu Pendo alimkuta farasi ndani ya kopo la biskuti ninamowekea sindano na vifungo. Ni farasi mdogo mweupe wa plastiki, kimo chake hakizidi kidole gumba, sikio moja limevunjika, na chini yake ana kiduara cha sumaku kilichokuwa kimenasa pini mbili. Pendo akaniuliza ni wa mchezo gani. Nikamwambia ni wa chesi. Akauliza wenzake wako wapi. Nikamwambia amrudishe alikomtoa, na nilimwambia kwa sauti ambayo hajaizoea, kwa hiyo akamrudisha akaondoka bila kugeuka nyuma.

Lakini mtoto wa miaka minane ukimfungia mlango huu anapita ule. Wiki mbili baadaye alikuwa amejiandikisha kwenye klabu ya chesi shuleni kwao, na muhula haujaisha mwalimu wa klabu akanipigia simu. Alisema mtoto huyu anaona mbali, kwamba kucheza mara moja kwa wiki hakumtoshi, na kwamba yuko kijana mmoja anayefundisha watoto majumbani hapa Pasiansi, nifikirie kumchukua. Mume wangu ni mtu mwema na hakujua anakanyaga wapi. Alicheka mezani akasema basi hilo ni jambo la familia, tukae kikao tulipigie kura. Nikaweka kijiko chini, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nyuma mpaka chai yangu ikapoa.

Yeye hakuwa na kosa. Lakini naomba mnielewe, ninyi wenzangu mliolelewa na akina baba wa vikao. Yapo maneno mawili ya Kiswahili ambayo mimi siwezi kuyasikia yakikaribiana nikabaki mzima, nayo ni kura na kula.

Baba yangu alikuwa karani kwenye ghala la pamba, na kwa miaka kadhaa alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi pale kazini. Ugonjwa wa vikao aliupatia huko akaja nao nyumbani kwetu Buzuruga. Kwetu hata rangi ya mlango ilikuwa na ajenda. Baba mwenyekiti, Mama katibu, Shangazi, dada yake Baba tuliyekuwa tunaishi naye, mjumbe. Mama aliandika muhtasari kwenye kaunta buku lenye jalada jeusi, na mwisho wa kikao Baba aliusoma kwa sauti, akaweka sahihi, akalifungia kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Majirani walimsifu kwamba ni mtu wa haki, haongozi nyumba kwa mabavu. Nami nilimsifu. Nilikuwa mdogo.

Baba ni Msukuma wa Busisi, na ulimi wake haujui herufi r. Barabara kwake ni balabala, habari ni habali. Mama alikuwa Mhaya wa Muleba, mwalimu wa shule ya msingi, na alitusahihisha sisi watoto bila huruma. Alisema baba yenu ulimi wake umeumbwa hivyo, ninyi mliozaliwa mjini hamna kisingizio. Ila kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa kwenye kaunta buku: Baba mwenyewe hasahihishwi. Hasahihishwi mbele ya wageni, hasahihishwi mbele ya watoto, na akiwa kwenye kiti cha uenyekiti ndiyo kabisa. Akisema kitu, kila mtu anakitafsiri kimoyomoyo na maisha yanaendelea. Mimi nilikuwa hodari wa kutafsiri. Kichwani nilikuwa na kamusi nzima ya Baba.

Kila likizo tulikwenda Busisi kwa bibi, na kwenda Busisi enzi hizo maana yake ilikuwa kusubiri pantoni pale Kigongo. Mnakumbuka foleni ile. Malori ya ng'ombe, mabasi ya Geita, akina mama wenye mabeseni ya samaki wa kukaanga, moshi wa dizeli unaoganda kwenye koo, na ziwa limetulia tu kana kwamba halijui kwamba watu wamechelewa. Unaweza kufika asubuhi ukavuka alasiri. Deo, kaka yangu aliyenizidi miaka minne, alikuwa anabeba vifuniko vya soda mfukoni, na kipande cha boksi kilichochorwa miraba, tukawa tunacheza drafti chini ya basi. Vyake vililala chali, vyangu kifudifudi. Nilikuwa namfunga, na alikuwa anakubali kwamba nimemfunga, jambo ambalo kwa mvulana wa miaka kumi na miwili si dogo.

Kwenye kibanda cha tiketi kulikuwa na dada mmoja aitwaye Atieno, Mluo wa Rorya, mrefu, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Ukutani mwa kibanda, kwenye bati, alikuwa amebandika ubao wa chesi wa sumaku, umesimama wima kama kalenda. Gari likipita anakata tiketi, gari likikawia anasogeza kete moja upande huu, halafu anakaa, halafu anasogeza moja upande ule. Nilimtazama kupitia waya wa dirisha kwa safari mbili nzima kabla sijathubutu kumwuliza anacheza na nani. Alisema anacheza na mtu atakayekuja.

Akaniingiza ndani. Akanionyesha kila kete inavyokwenda, na farasi ndiye nilimpenda zaidi, kwa sababu anaruka vichwa vya watu. Tukaanza. Mara ya kwanza nilipopata nafasi ya kula kete yake nikala papo hapo, naye kwa hatua mbili akanila malkia wangu.

"Kwa nini umekula?" akaniuliza.

"Si lazima?"

"Nani kakulazimisha?"

Nikamweleza kanuni ya drafti, ambayo kila mtoto wa Buzuruga anaijua: ukiwa na nafasi ya kula usipokula, kete yako inaondolewa. Akacheka, lakini si kwa kunidharau.

"Hiyo ni drafti," akasema. "Huku kula si lazima. Huku unaangalia kwanza."

Siwezi kuwaeleza sentensi hiyo ilinifanya nini. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili ambaye kila kitu kilikuwa lazima, na mtu mzima alikuwa ananiambia kwamba upo mchezo ambao nafasi ikijitokeza unaruhusiwa kuiacha. Tangu hapo nilikuwa naombea foleni iwe ndefu. Wenzangu wakilalamika kwamba pantoni limeharibika, mimi nasali liendelee kuharibika. Likizo baada ya likizo, na Jumamosi ambazo Baba alivuka kwenda kutazama mashamba nikamlilia tufuatane, nilisimama kibandani kwa Atieno. Siku moja nikasogeza farasi, naye akaukodolea macho ubao mpaka gari likapiga honi mara tatu akasahau kukata tiketi. Halafu akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi.

Alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa gauni la kanisani, ubao umo mkobani. Alimwamkia Baba shikamoo, Baba akamjibu malahaba, akapewa kiti. Aliongea kwa adabu na kwa ufupi. Alisema amecheza na watu wengi lakini hajaona mtoto kama huyu, kwamba yuko tayari kuja kunifundisha mara mbili kwa wiki siku zake za mapumziko, Jumanne na Alhamisi, na kwamba hataki malipo zaidi ya nauli na chakula cha mchana siku atakazokuja. Alisema yapo mashindano ya watoto, huko Dar, na nikifundishwa ningefika. Mama alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kulisahau. Baba alishukuru sana, akasema ombi limepokelewa, litapelekwa kwenye kikao. Pale mlangoni, akiondoka, Atieno alifungua mkoba, akang'oa farasi mmoja mweupe ubaoni, akaniwekea kiganjani. Alisema nitamrudishia siku ya kwanza ya somo.

Kikao kilikaa Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, baada ya chakula. Kwa mara ya kwanza Deo na mimi tuliitwa mezani. Baba alitangaza kwamba kwa kuwa jambo lenyewe linahusu watoto, nao watoto watashiriki. Nilikuwa nimevaa gauni la Jumapili kwa ajili hiyo. Farasi alikuwa mfukoni, na mkono wangu ulikuwa pamoja naye.

Mjadala ulikuwa wa chakula. Hili naomba mlishike, maana bila hili mtaniona mjinga kama wanavyoniona ndugu zangu. Shangazi ndiye aliyeanza, akauliza huyo mwalimu atakula nini, na kwa nini mtu mwenye kazi yake ya serikali aje kula kwa watu mara mbili kwa wiki, na samaki wenyewe tunagawana vichwa. Mama akajibu kwamba mtu mmoja hawezi kumaliza sufuria. Shangazi akasema njaa huanza kwa mtu mmoja. Wakaenda hivyo, sato, ugali, ndizi, michembe ya viazi vitamu, nani anakula kiasi gani, mpaka Baba akagonga meza kwa kalamu.

"Mjadala umetosha," akasema. "Sasa kila mtu ana kula yake. Anayetaka mwalimu aje, atoe kula yake."

Kura ya redioni nilikuwa naijua, ile inayopigwa na watu wazima wakatoka na kidole kimepakwa wino. Lakini inayopigwa haitolewi. Na kula lilikuwa neno zima, lina maana yake, tumelizungumza saa nzima, halikuhitaji kutafsiriwa. Nilielewa kila kitu mara moja. Kumbe ndivyo mwalimu atakavyolishwa: anayemtaka, anampa chakula chake.

Yangu nilikuwa tayari kuitoa. Ningeitoa ya mwaka mzima. Lakini kabla sijanyanyua mkono, Mama akanyanyua wake.

Mama alikuwa mjamzito, miezi sita. Wiki ile ile nilikuwa nimefuatana naye kliniki, na nesi alimfokea mbele yangu kwamba damu imepungua, asipokula vizuri ataanguka yeye na mtoto. Tangu siku hiyo kila tukikaa kula Baba alikuwa anamsogezea nyama, anamwambia, "Mama Deo, kula, unakula kwa wawili." Na sasa Mama yule yule, mkono juu, uso umetulia, anasema, "Yangu naitoa kwa Koku." Deo akanyanyua wake. Nadhani Baba alikuwa anamtegemea Deo, maana alimkazia macho, lakini Deo hakushusha mkono. Shangazi akasema yeye hatoi. Baba akasema naye hatoi. Mbili kwa mbili.

Baba akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio unaonichefua mpaka leo.

"Koku, imebaki ya kwako. Ukisema ndiyo, mwalimu anakuja, na hawa waliotoa wametoa. Ukisema hapana, haji, na mambo yanabaki kama yalivyokuwa. Hulazimishwi."

Nilimtazama Mama. Niliona tumbo lake kwenye ukingo wa meza. Nilijua nikisema ndiyo, Jumanne na Alhamisi Mama atakaa na sahani tupu, akimtazama Atieno anakula. Nikambana farasi mpaka sikio lake likavunjikia kiganjani mwangu.

"Hapana," nikasema.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mtoto ambaye wiki nzima hakulala kwa furaha anasema hapana huku machozi yanamtoka, na meza nzima ya watu wazima haiulizi. Baba alisema, "Mwenyewe kakataa," akamwambia katibu aandike. Katibu akaandika.

Jioni ile Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, akaniita nimsaidie, akauliza taratibu kulikoni. Nikamwambia sikutaka yeye na mtoto waanguke. Hakuelewa. Nikamweleza yote, kuhusu nesi, kuhusu sahani, kuhusu kula yake aliyoitoa. Mama alianza kucheka, halafu akaziba mdomo kwa mkono wenye utomvu, halafu akainuka akaenda barazani alikokuwa Baba. Nilimfuata mpaka nyuma ya pazia. Nikamsikia anasema mtoto hakuelewa, mtoto alidhani ni chakula, alisema hapana kwa ajili yangu. Nilingoja Baba acheke naye, aniite, aseme basi tuanze upya.

"Kikao kimefungwa," Baba akasema. "Kula haipigwi mala mbili."

Mama akarudi jikoni akaendelea kumenya. Alimenya mkungu mzima, ndizi nyingi kuliko tulizohitaji. Mtoto alizaliwa salama, na Mama alitutoka miaka mingi baadaye, Mungu amrehemu, na nilimpenda, lakini nina hasira naye pia na nimechoka kujifanya sina. Alijua kusahihisha wanafunzi arobaini na watano. Alishindwa kumsahihisha mtu mmoja, herufi moja.

Atieno alikuja Jumatano kuchukua jibu, na safari hii alikuwa na daftari jipya chini ya kwapa. Baba hakumkaribisha ndani. Alimwambia pale pale getini kwamba familia imekaa, imejadili kwa uwazi, na mtoto mwenyewe amekataa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, farasi mkononi. Atieno aliniona. Aliniangalia jinsi alivyokuwa anaangalia ubao. Nilitaka kusema, lakini ningesema nini? Baba hasahihishwi, na kweli neno hapana nilikuwa nimelitamka mimi. Sikutoka kumpa farasi wake, kwa sababu niliona nikimpa ndiyo nitakuwa nimekataa mara ya pili. Akasema, "Sawa, mzee. Asiyetaka halazimishwi." Akaondoka na daftari lake.

Desemba tulivuka tena. Alikuwa kibandani. Alikata tiketi, ya mtoto nusu, akanisabahi vizuri tu. Ubao ulikuwa ukutani, na kwenye nafasi ya farasi mweupe alikuwa amebandika kifuniko cha soda. Farasi nilikuwa nimemwacha Buzuruga, ndani ya soksi. Likizo iliyofuata nilimbeba, lakini dirishani kulikuwa na mwanamume nisiyemjua, akasema yule dada amehamishwa, hajui wapi.

Haya yote kwenye ukoo wetu ni kichekesho. Kinasimuliwa Krismasi, kinasimuliwa kwenye ubatizo, na Shangazi alikisimulia kwenye sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, kipaza sauti mkononi, mbele ya wakwe zangu: bibi harusi wenu huyu alikataa mwalimu kwa kuogopa kunyimwa ugali. Ukumbi mzima uliangua kicheko, nami nilicheka, kwa sababu bibi harusi asiyecheka ana kisirani. Na mwaka uliofuata baada ya kikao kile, Deo alipoanza kuyumba kwenye hesabu, alikuja nyumbani mwalimu wa tuisheni, akala chakula chetu cha mchana siku tatu kwa wiki kwa mwaka mzima. Deo hana kosa, Deo alininyanyulia mkono. Nasema tu kwamba mwalimu yule alikuja siku moja akavua viatu mlangoni akaanza kufundisha, na hakuna aliyegonga meza kwa kalamu.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Pendo Busisi kumsalimia babu yake. Baba siku hizi anaishi huko, Shangazi anamtunza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita juu ya daraja jipya lililochukua nafasi ya pantoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha Pendo mahali kibanda kilipokuwa, nikawa natafuta kwa macho, na kabla sijapapata tulikuwa tumeshafika ng'ambo. Dakika chache tu. Pendo aliuliza mbona nimenuna.

Baba alifurahi. Aliposikia kwamba mjukuu wake anacheza chesi alipiga paja, akaingia ndani akatoka na kaunta buku jeusi, lile lile, ili amsomee kisa cha mama yake. Akavaa miwani. Akasoma kwa raha zake, mjumbe huyu akasema hivi, mjumbe yule akasema vile, na Shangazi jikoni akawa ameshaanza kucheka kabla ya mahali pa kuchekesha. Nilisogea nikasimama nyuma ya kiti. Sikuwa nimewahi kuuona ukurasa ule. Mwandiko wa Mama, bluu, umenyooka: Koku, hapana. Chini yake, kwa wino mwekundu, mwandiko wa Baba, ambaye ukarani wake wote haukuwahi kuitenga kalamu yake na ulimi wake: *Kwa hiali yake mwenyewe.*

"Baba," nikasema, "haya mekundu uliyaandika lini?"

Alitazama ukurasa. "Siku ile ile."

"Kabla Mama hajaja barazani kukwambia, au baada?"

Shangazi akatokea mlangoni na mwiko, akaanza kusema Koku, mambo ya zamani hayo, tumecheka miaka yote. Nikamwambia Shangazi, sijakuuliza wewe. Sijawahi kumjibu hivyo mtu aliyenizidi umri, na sikujuta.

"Baada," Baba akasema.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua." Akavua miwani. "Nilikuwa nimeshasema hapana mbele ya watu, Koku. Ningeludi nyuma vipi?"

"Watu gani, Baba? Tulikuwa watano." Akaanza kuipangusa miwani. "Na mwalimu wa tuisheni wa Deo alipigiwa kura lini? Nionyeshe ukurasa."

Baba akavaa miwani tena. Akafunua karatasi moja, akafunua nyingine, kuku, rangi ya mlango, mchango wa msiba, akilamba kidole na kufunua, kana kwamba ukurasa huo upo na tatizo ni macho yake tu. Alifunua mpaka mwisho wa kitabu. Nilimwacha afunue. Nilitegemea kuona huruma ikinijia, maana ni mzee, lakini haikuja.

Shangazi aliandaa chakula. Ugali na sato wa kuchemsha, na kichwa cha samaki kwenye sahani ya Baba, kama siku zote za maisha yangu. Tukanawa. Baba alikohoa, kile kikohozi cha kufungua kikao.

"Basi huyu mjukuu apate mwalimu," akasema. "Mimi natoa kula yangu."

"Hapa hakuna kura, Baba," nikamwambia. "Mwalimu anaanza Jumamosi."

Pendo alinyanyua kichwa akanitazama. Mwalimu mwenyewe nilikuwa bado sijampigia hata simu. Baba aliinamia sahani yake, akakishika kile kichwa cha sato kwa vidole vyote, akanyoosha mkono juu ya meza, akakiweka kwenye sahani ya Pendo.

"Kula," akamwambia.

Pendo alikiangalia kichwa kile, na jicho lake jeupe, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, ni lazima?"

"Si lazima," nikamwambia. "Angalia kwanza."